Senti Arobaini kwa Kila Elfu

Mara mbili nilipiga kura ya hapana.
Sijigambi, wala sioni haya:
miaka thelathini na mmoja niliendesha gari la kuondoa theluji
katika mji huu wa Kivela, kaskazini mwa Michigan,
nikijua cha umma cha kwanza ni barabara.
Kitabu kinaweza kungoja. Mgonjwa hangoji.

Walibisha hodi na karatasi ya njano:
senti arobaini kwa kila dola elfu ya thamani ya nyumba.
Yangu, na paa lake linalovuja, waliithamini elfu sitini.
Nikapiga hesabu mgongoni mwa bahasha:
dola ishirini na nne kwa mwaka,
pai nne za nyama pale kwa Eino, bila kahawa.
Haba na haba hujaza kibaba, wakaniambia.
Sawa, nikasema, kibaba cha nani?

Tukashinda, sisi wa hapana, kwa kura tisa.

Taimi Rautio, mkutubi, hakulia.
Alibandika tangazo: Jumanne na Alhamisi tu,
saa nne asubuhi hadi saa nane.
Akamwachisha kazi kijana wa kupanga vitabu,
akazima taa za chumba cha nyuma.
Mtambo wa intaneti aliuacha ukiwaka usiku kucha.
Hilo hakulibandika popote.

Januari ikaja barua: pensheni yangu
itasimama pasipo fomu, na fomu haiko kwenye karatasi.
"Ingia mtandaoni," ilisema sauti ya mashine,
kana kwamba mtandao ni jikoni kwa jirani.
Nikaenda maktaba. Ilikuwa Jumatatu.

Kufuli.
Lakini kando ya ukuta wa mashariki
magari matatu, injini zinanguruma,
vioo vimeingia ukungu wa pumzi.
Mwanamke mwenye sare ya hospitali anambembeleza mtoto aliye ndani ya simu.
Lahti, ambaye hatujasalimiana tangu mgomo wa mgodi,
anachungulia bei za boti.
Na katika gari la kijivu, binti,
kompyuta magotini, glavu zimekatwa ncha za vidole.
Mimi, kwa mazoea, niliona kwanza theluji:
ilifika nusu ya magurudumu. Hakuna aliyeigusa.

Nikagonga kioo. Signe Maki, kidato cha pili.
Fomu yangu ilimchukua dakika kumi na mbili.
Aliniuliza tarehe ya kuzaliwa, jina la kati,
kisha, kwa ajili ya usalama, jina la mnyama wangu wa kwanza.
Musti, nikasema. Mbwa. Alikufa mwaka wa sitini na nne.
Sikuwa nimelitamka jina hilo kwa miaka mingi.
Nikatoa noti ya dola tano, akacheka:
"Ya nini? Hii ni maktaba."

Maktaba! Gari la babake,
linanuka dizeli na maganda ya machungwa.

Kesho yake alfajiri nilirudi na koleo.
Sikumwambia mtu.

Novemba nikashika kalamu tena, ukumbini mwa shule.
Nilitia alama wapi, hilo siri yangu na karatasi.
Ilipita kwa kura mbili,
na tangu siku hiyo Taimi hunitazama
kama mtu anayerudia kujumlisha.

Bili nayo haikuchelewa. Kati ya gari la wagonjwa na makaburi,
mstari mmoja mwembamba: Maktaba, 24.00.
Nimelipa. Nimeazima fimbo ya kuvulia samaki chini ya barafu,
maana siku hizi wanaazimisha hata hizo, na cherehani,
na viatu vya theluji ambavyo kamba zake,
nimemweleza Taimi, zimesukwa kinyume.

Ile zabuni ya paa jipya bado naiona ghali.
Jumatatu kuna kikao, nitakwenda kuwaambia.
Wanakutania humo humo, chumba cha nyuma.
Taa zinawaka. Nitamchukua Lahti njiani,
gari lake limegoma.