Tundu la Pili

Nimezima swichi kuu kule chini, Reino,
nikapanda ngazi nikihesabu vidato kwa unyayo,
tochi nimeiuma kwa meno.
Nje ni digrii kumi na nane chini ya sifuri.
Hancock yote imezikwa na theluji yake,
na fundi wa matanuri, yule kijana wa akina Pelkonen,
amesema Alhamisi.
Leo ni Jumatatu.
Alhamisi atanikuta samaki wa jokofu.

Basi nimenunua mwenyewe, dola thelathini na nne:
kisanduku cheupe, chepesi kama sabuni ya hoteli,
na karatasi ya maelekezo kwa lugha tatu,
hakuna hata moja inayozungumza na mjane.

Themostati yako ya duara, dhahabu iliyochujuka,
ni wewe tu uliyekuwa na ruhusa ya kuigusa.
“Sabini,” ulikuwa ukisema. “Soma mwenyewe, Aune. Sabini.”
Nikisoma, naam, sabini.
Nikaenda kuvaa sweta la pili.
Mama yako alisema damu yangu nyepesi.
Daktari akaipima, akaniandikia vidonge.
Miaka miwili nimemeza madini ya chuma, Reino.

Nafungua kifuniko. Ndani, kichupa cha kioo,
na tone la zebaki limelala upande mmoja
kama mtu aliyegeukia ukuta.
Nyaya mbili tu, nyekundu na nyeupe.
Nazibandika utepe, naziandika herufi
kwa kalamu ya makopo ya jemu,
nazizungushia penseli zisitumbukie ukutani.
Hilo karatasi ilisema, nikatii.

Skrubu ya kwanza inatoka kwa hiari.
Ya pili inalia.
Chini ya bamba kuna kijani,
ile rangi tuliyoikuta tulipohamia,
na katika kijani, matundu matatu.

Bamba lina skrubu mbili.

La tatu limezibwa kwa njiti ya kiberiti,
ikakatwa sawasawa na ukuta,
ikapakwa lipu kidogo kwa kidole.
Nakijua kidole hicho.
Naleta pimamaji yako kutoka gereji.
Juu ya tundu la zamani, kiputo kinatulia katikati.
Juu ya lako
kinakimbia.

Zebaki haina uongo, hufuata mteremko tu.
Uliinamisha nyumba yake upana wa ukucha
na sabini ikawa sitini na sita.
Na ile sindano ya kipimajoto, iliyokwama kwenye sabini,
nikasema ni uzee, masikini —

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu.
Yako ilikuwa na majira thelathini na moja ya baridi,
na bili za gesi ulizozikunja vizuri
ndani ya kopo la biskuti.

Nimekaa sakafuni. Nimekutukana kwa Kifini,
lugha ambayo siku hizi ninaitumia na wewe tu.
Kisha nikacheka, tochi ikaniponyoka meno,
ikabingirika hadi chini ya kabati, ikawamulikia vumbi.

Nimetoboa mapya, sawa, kiputo katikati.
Nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe.
Betri mbili. Swichi.
Tanuri limekohoa, likafikiri, likawaka.

Sabini ya kweli.
Kahawa haijachemka nami nimevua sweta la juu.
Kisha la ndani.
Saa nne usiku nimeketi kwa fulana
katika nyumba ya watu nisiowajua,
jasho mgongoni, mlango wa jikoni wazi,
theluji ikiingia kuangalia kuna nini.

Nimebonyeza. Sitini na tisa. Nane.
Nimefika sitini na saba, nikaondoa kidole.
Hiyo moja ni yangu.

Zebaki yako iko dirishani, katika kopo la jemu.
Jumamosi nitaipeleka kwenye taka za sumu.
Kila lori la theluji likipita barabarani
inatetemeka, inahamia upande wa pili.