Ukurasa wa Kwanza

Meneja alitaka kitabu kinene,
chenye mhuri, cha kuonyesha wakaguzi.
Nikaketi kituoni Likoni,
waya ukiguna juu ya kivuko,
nikaandika: Sura ya Kwanza. Hatari.
Kisha nikakwama.

Ndipo Tsuma akaingia, grisi hadi viwikoni,
akafumbua kiganja:
nati moja, imeliwa na chumvi,
nyepesi kama ganda la korosho.
"Ya behewa la saba," akasema.
"Niliiona Jumanne."

Leo Ijumaa.

Siku tatu watu wamening'inia juu ya maji
na ndoo zao za mabuyu, na sare za shule,
na bi harusi mmoja wa Mtongwe
aliyefumba macho njia nzima
huku shangazi zake wakimcheka.

Mbona hukusema?
Akatazama viatu vyake.
"Mwaka jana Mwakio alisema.
Yuko wapi Mwakio?"

Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta.
Lakini huku juu hakuna ukuta wa kujenga;
kuna waya, na chini ya waya, kina.

Nikasimamisha mtambo.
Foleni ikanitukana hadi adhuhuri,
meneja akapiga simu mara sita.
Nikaurarua ukurasa, nikaanza upya,
kabla ya upepo, kabla ya breki, kabla ya jenereta,
kwa herufi kubwa:

ANAYESEMA HAFUKUZWI.

Sura nyingine bado.
Nati iko mezani,
imekalia karatasi zisipeperuke.