Vibao vya Shaba

Jumamosi, kabla Montevideo haijafungua madirisha,
mimi Ademar, bawabu wa jengo hili la ghorofa sita,
nashuka na kitambaa, siki na chumvi
kung'arisha vibao vya mlangoni.
Viko saba. Kimoja cha daktari wa meno.
Sita vya watu wanaolipwa kusikiliza.

Kibao hakisemi mengi: jina, ujuzi, saa za miadi.
Mengine nayajua mimi nibebaye takataka zao,
mimi wanayesimama naye kizingitini mvua ikikataa kukatika.

Nibia Larrosa, ghorofa ya pili. *Wafiwa.*
Alikuwa mkunga miaka ishirini na mitatu.
Usiku mmoja alimpokea mtoto asiyelia,
akaketi na mama hadi kulipokucha, bila neno,
na kulipokucha akajua kazi yake ni ile,
inayoanza mkasi ukishawekwa chini.
Akikupa mkono, hauachii upesi.

Dardo Etchegaray, ya nne. *Ndoa.*
Huyu alikuwa padri. Akavua kanzu,
akaoa, akaachwa, akaoa tena.
"Zamani niliwasamehe," aliniambia, anakung'uta mwavuli,
"siku hizi nawauliza nani anaosha vyombo."

Kijana Stirling, aliyekuwa mwalimu wa chekechea,
anatibu watoto kwa sanduku la mchanga.
Kila Ijumaa naufagia ukumbini,
kila Ijumaa namwokota simba yule yule wa plastiki,
miguu mitatu.
Namrudisha. Kuna mtu mdogo anayemtorosha.

Bibi Oyhenart wa ghorofa ya sita, sijui alikuwa nani.
Kibao chake ni jina tupu.
Wateja wake hushuka nywele zimelala upande mmoja
na hawanijibu salamu.

Na Zulma Pintos, ya tano. *Hofu na wasiwasi.*
Shahada tatu ukutani, moja ya Kifaransa,
na lifti haipandi, hata kwa dawa.
Ngazi tisini na sita, viatu mkononi siku za joto.
Mganga hajigangi, ndiyo.
Lakini nimewaona wateja wakimkuta katikati, anahema,
wakapunguza mwendo, wakapanda naye,
na maneno yakaanza kuwatoka
mlango ukiwa bado mbali.

Nimebakisha kimoja.
Walter Iriarte, ghorofa ya tatu. *Kamari.*
Alikuwa mhasibu wa kasino kule ufukweni,
akihesabu alfajiri pesa za waliokwenda nyumbani kwa miguu.
Kibao chake ni kipya, hakina kutu,
nami nakisugua kuliko vyote.
Herufi ya K imeanza kufifia.

Mke wangu Mirta anaamini mshahara wa Juni umechelewa.
Anaamini saa ya marehemu baba yake iko kwa fundi.
Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ni hii,
shati la kazi, mfuko wa kushoto,
tiketi nne zilizokunjwa hadi zimekuwa laini kama kitambaa,
zote kwa tarehe ya kuzaliwa binti yangu.

Leo Iriarte amekuja mapema, mkate kwapani.
Alisimama nyuma yangu muda mrefu.
"Kimeng'aa, Ademar," akasema.
"Bado kidogo," nikasema.
Hakuuliza kitu.
Akafungua lango la chuma la lifti, akalishikilia.

Nikamwambia sijapiga deki ukumbi.
Akasema anaona.
Nikamwambia mikono yangu inanuka siki.
Lango bado kalishika, mkate unaanza kumponyoka.

Nikaingia. Nikabonyeza mimi mwenyewe: tatu.
Namba hiyo nimeicheza mara nyingi.
Haijawahi kutoka.