Mkia wa Mshale

Mezani kwangu, soko la Majengo, saa tatu zimekufa,
moja inapumua kwa taabu:
ya marehemu Mzee Nhonya wa Hombolo,
aliyeinunua kwa magunia mawili ya karanga
mwaka karanga zilipokuwa na heshima.
Mjukuu wake, Mbeleje, ameileta ndani ya kanga
kama mtoto wa kupelekwa kliniki.
"Fundi, ikipona utanionyesha inavyosomwa?"
Ana miaka ishirini. Yuko chuo kikuu, anasoma hesabu.
Nikacheka,
halafu kicheko kikanikwama kooni kama mwiba wa perege.

Maana mimi nani alinifunza?
Mwalimu Chilongani, darasa la tatu:
uso wa saa aliukata kwenye boksi la sabuni,
mwiba wa mgunga ndio mhimili,
na bua la mtama, yeye akiliita akrabu, sisi mshale.
"Mfupi uko wapi?"
"Kwenye kumi!"
"Basi ni saa ngapi?"
"Saa kumi!"
Fimbo.
"Saa nne, nyie! Tazameni mkia!"
Kweli, bua lilichungulia nyuma ya mwiba,
kimkia cha nusu kidole, kikinyooshea nne.
Ndivyo tulivyokua: namba ikisema lake,
mdomo ukisema lake,
na hakuna aliyetueleza kwa nini.

Mnaniuliza kama vijana bado wanaihitaji?
Sitawadanganya. Hawaihitaji.
Stesheni ya treni ya umeme ubao unawaka 14:25
na watu wanapanda, haachwi mtu kwa kutojua mishale.
Mimi mwenyewe, fundi, nikishtuka usiku
napapasa simu chini ya mto.

Ila simu haina mkia.
Mbeleje anasema, "Mimi natoa sita tu, fundi,"
anatoa sita kama mtu anayelipa ushuru
bila kujua barabara iko wapi.
Kwenye uso wa duara sita haitolewi;
unavuka uwanja tu,
kutoka mlango huu hadi mlango unaotazamana nao,
saba kwa moja, nane kwa mbili,
majirani wanaoamkiana.

Juzi umeme umekatika, simu imezima,
mawingu yametanda, yale ya Dodoma, ya kutishia tu,
nikamtuma Masima, kijana wangu wa kazi,
akachungulie saa ya ukutani buchani.
"Saa kumi na robo, bosi."
Nikakunja meza, nikafunika vioo,
nikafika Chang'ombe mke wangu anachambua mchicha wa mchana.
Saa nne na ushee!
Alidhani nimefukuzwa sokoni.
Sikumgombeza Masima. Alisoma kilichoandikwa.

Leo nimefungua kioo cha Mzee Nhonya.
Vumbi jekundu, buibui mkavu mmoja,
na pembeni ya namba, kwa penseli, mwandiko wa kutetemeka:
kwenye saba, 1. Kwenye nane, 2.
Anakwenda hivyo hadi kumi na mbili, 6,
halafu basi, nusu nyingine tupu.
Labda penseli iliisha. Labda alikuwa ameshaelewa.
Magunia mawili ya karanga,
na usiku, kwa kibatari, mtu mzima na ndevu zake
anajifunza kusoma alichonunua.

Sikuzifuta.
Mbeleje alipokuja nilimwonyesha, akanyamaza,
akalipa elfu nane kwa simu.
Ujumbe ukaingia: 16:52.
Akaweka kidole kwenye kioo, karibu na tano,
upande ambao babu hakuandika kitu,
akakivusha polepole, kupitia katikati,
hadi ng'ambo.
"Kumi na moja," akasema, "kasoro... kasoro kumi."
Simu ilisema kasoro nane.
Hakuna kati yetu aliyeirekebisha.