Bonde Moja Tu

Gari tuliliuza mwezi wa pili.
Kufika wa tatu, Majengo nzima
ilikuwa imeshatupa pole.
Sasa baiskeli mbili, Aminieli mbele, mimi nyuma,
mkate, chumvi, pampu, viraka sita,
na Moshi inabaki chini yetu na swali lake:
*Jamani, gari limeharibika?*

Aminieli hujibu kwa kengele.
Mimi sina kengele. Nacheka, napanda.

Kupanda Kibosho si kuendesha, ni kubembeleza.
Unaliambia goti: kona ile tu.
Kona ile inazaa kona.
Kahawa imejibanza chini ya migomba,
na juu kabisa ule mlima ambao watu huulipia kuuona
umejifunika wingu, leo haupokei mtu.

Karanga tuliteremka tukikokota.
Msitu wa bondeni una baridi yake,
baridi ya mtungi.
Mbega wawili walipita juu yetu,
mikia myeupe kama nguo zinazoanuliwa mbio mvua ikija.
Mto hatukuuona kwanza. Tuliusikia,
kama mtu anayekaanga chumba cha pili.

Umbwe, gurudumu langu likakata roho.
Mwiba mmoja, mrefu kama sindano ya magunia.
Nikachomoa mpira, nikautafutia maji.
Mfongo ulipita hapo, mwembamba, wa kuruka kwa hatua,
na mwanamke ameinama na jembe
akiuelekeza shambani kwake.
"Leo zamu yangu," alisema bila kuinuka.
"Mpaka saa nane. Mkiyachafua, mmechafua yangu."
Nikaomba ya dakika mbili.
Akasogea. Nadhani alihesabu kweli.

Nikazamisha mpira kidogo kidogo
kama unavyomwosha mtoto asiyetaka.
Pembeni mwa kiraka cha zamani
povu moja, kisha uzi mzima wa shanga.
"Hilo hapo," alisema yeye kabla yangu,
na sauti ilikuwa nyingine.
Mtu akishakuonyesha tobo lako
ni vigumu kuendelea kumwita mgeni.

Mama Ndekusara hakuuliza gari.
Aliigonga keria ya Aminieli kwa mpini wa jembe:
"Inabeba?"

Dada yake yuko Lyamungo, ng'ambo ya Weruweru.
Asubuhi tulivu, moshi wa jiko lake unaonekana.
Lakini kwa gari ni kushuka mpaka lami,
kungoja, kuzunguka, kupanda upya,
nauli mbili na nusu ya siku,
basi hawajaonana tangu Pasaka.
"Na bonde ni moja tu," alisema,
akilitazama goti lake la kushoto
kama unavyomtazama mdeni.

Tukaufunga mkungu wa mshare
kwa mpira wenyewe uliotoboka.
Breki ya mbele ililia njia nzima,
ya nyuma ilikuwa imeshakata tamaa.
Chini, magogo matatu juu ya maji,
moja lilioza zamani likabaki kwa heshima.
Aminieli akavusha baiskeli, moja, akarudi, ya pili.
Mimi mkungu begani, macho kwenye gogo,
nikihisi utomvu unanitiririkia mgongoni,
nikijua shati hili limeshakwenda.

Kisha kupanda tena. Sitasema kuhusu kupanda.

Lyamungo, dada mtu alitoka na mikono yenye unga.
Hakuuliza sisi ni nani.
Aliugeuza mkungu, akaupitisha kidole
pale panga lilipokata,
palipochanikachanika kama mkeka.
"Bado hajalinoa," alisema,
akacheka peke yake, akaingia ndani
kututafutia maji ya kunywa.

Shati ninalo. Doa la utomvu halitoki.
Majirani wakiniona nalo
wanazidi kutupa pole.