Milimita Sitini na Mbili

Uzi ndio ulioanza kunisaliti.
Nalamba ncha, naisokota, nalenga tundu la sindano,
uzi unapita pembeni kama mdeni aliyeniona Mwanjelwa.
Nikasema ni ukungu. Ni Julai, Loleza haina kichwa,
nani Mbeya anaona vizuri mwezi wa saba?

Hospitali wakanisomesha herufi ukutani,
wakanipa karatasi: jicho la kulia moja na nusu,
la kushoto mbili na robo.
Miaka hamsini na mmoja nimelala na macho haya
bila kujua kuwa si pacha.

Pale Kabwe kuna duka la miwani, lina zulia.
Nilivua viatu. Bwana Mwambungu akacheka, vaa tu mama.
Akanivisha fremu ya kahawia,
akainama, akaikunja nyuma ya sikio langu
kwa vidole vyenye joto, taratibu,
namna ninavyomkunjia bibi harusi pindo akiwa bado amelivaa.
Nikajitazama kwenye kioo: mwalimu mkuu.
Bei? Laki moja na themanini.
Nikahesabu kwa lugha yangu: suruali tisini za kupunguza miguu.
Nikaivua polepole, kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani.

Lusajo, mtoto wa dada yangu, ana simu yenye kila kitu.
"Mamdogo, hapa elfu arobaini na tano, na usafiri humo humo."
Picha yangu ikavishwa miwani ndani ya simu,
miwani isiyogusa pua, isiyo na uzito,
isiyo na mtu wa kuikunja.
Tukajaza. Moja na nusu. Mbili na robo.
Kisha simu ikauliza: kutoka mboni hadi mboni, milimita ngapi?
Karatasi ilikuwa kimya.

Nikarudi Kabwe. Bwana Mwambungu akatazama zulia lake.
"Hicho kipimo, mama, huwa kinakwenda na miwani."
Sikumlaumu. Nami mteja akitaka vipimo vyake akashonee kwingine,
daftari langu hupotea.

Basi nikakaa kwenye kigoda, mimi niliyepima
mabega ya kwaya nzima, viuno vya wajawazito,
hata marehemu mmoja wa Uyole, suti yake ya mwisho,
nikapimwa na mvulana kwa rula ya shule.
"Usipepese, mamdogo. Tazama mbali."
Nikatazama mbali, mahali mlima ulipokuwa.
Sitini na mbili, akasema. Au tatu.
Tukaandika mbili.

Siku kumi na saba. Kifurushi kikashuka stendi
katikati ya marobota ya mitumba.
Nikavaa. Sakafu ikapanda, nikashika cherehani.
Upande wa kushoto ulikaa juu kuliko wa kulia,
pua ikanung'unika. Lakini uzi,
uzi ukaingia tunduni mara ya kwanza,
kama haukuwahi kugombana na mimi.

Ndipo nikaliona gauni la Anyosisye, limeletwa kuongezwa upana.
Nilimshonea Pasaka. Mshono wa ubavuni
unatembea kama mlevi anayetafuta njia ya Iwambi.
Nikafungua kabati. Sketi ya kwaya. Shati la mzee wa kanisa.
Mwaka mzima watu wamevaa macho yangu mbele ya madhabahu,
wakanilipa, wakasema asante, fundi.

Kesho nitaipeleka fremu Kabwe ikanyooshwe.
Bwana Mwambungu atajua si ya kwake,
kama mimi ninavyoujua mshono wa fundi mwingine.
Atasema elfu tano. Nitasema leta suruali hiyo
unayoikanyaga pindo kila ukivuka zulia.
Atainama, ataikunja nyuma ya sikio langu, bila neno.

Leo nafumua.
Naanza na gauni la Anyosisye.
Akiuliza kwa nini silipishi,
nitauma pini mdomoni.