Safura

Julai, ghorofa ya tatu, mji wa Blansko.
Mti wa kaka yangu umeanza kugeuka manjano.
Ingekuwa Oktoba ningenyamaza:
mti huu ni wa kupukutisha, ndiyo desturi yake,
huvua nguo zote ukalala uchi hadi Machi.
Lakini Julai haina ruhusa ya rangi hii.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na minne.
Nikavaa miwani, nikaanza kama tulivyofundishwa:
mgonjwa ni nani, anakunywa nini, tangu lini.
Zelkova. Umri, arobaini na saba.
Kimo, kiganja hadi kiwiko.
Alihamia kwangu Aprili, siku tatu baada ya Vendelín
kuanguka jikoni, maneno yake yote yakamwagika.

Nilichomeka kijiti cha kulia wali udongoni,
nikakichomoa baada ya dakika kumi:
kina unyevu, hakijalowa.
Kiu, hapana. Mafuriko, hapana.
Nikanusa: harufu ya msitu, si ya uozo.
Nikaunyanyua kutoka bakulini; ncha za mizizi
nyeupe, nzima, kama meno ya mtoto.
Nikageuza majani, nikamulika tochi chini yake
kusaka utitiri na utando wake. Patupu.
Nikausogeza mbali na dirisha. Nikaurudisha.
Nikaupa mbolea, na umanjano ukazidi kunikodolea.

Tena ulikuwa umanjano wa ajabu.
Majani ya zamani, ya chini, yalibaki na afya zake.
Machanga ya nchani ndiyo yaliyopauka,
ila mishipa.
Mishipa ilibaki kijani,
kama ramani ya mito katika nchi iliyokwisha kukauka.

Nikachuma jani moja, nikalifunga kwenye leso,
nikapanda basi hadi nyumba ya wagonjwa.
Vendelín alilishika kwa mkono wa kushoto, ule unaomtii,
akaliinua kwenye mwanga. Kisha akanitazama mimi
vile alivyonitazama utotoni nikikosea hesabu.
Akachukua glasi ya maji mezani
akaimimina sakafuni, polepole,
hadi tone la mwisho.

Sylvie akaja na tambara.
"Jana alimwaga ya chai," akasema.
Nami nikafungua daftari langu la mgonjwa huyu
nikaandika tarehe, saa, na neno:
*kuchanganyikiwa*.

Jioni nikabandika birika.
Lilikuwa zito kuliko maji yake.
Nikachungulia: ukoko mweupe, mnene kama ganda la yai.
Nikakaa kitako.

Mji huu umekalia chokaa.
Watalii hulipa kiingilio waone mapango
yaliyochongwa na maji yetu, tone kwa tone,
nami tangu Aprili naunywesha mti wa bakulini
mlima mzima, kikombe kila asubuhi.
Chuma kimo udongoni, tele.
Chokaa imekifungia mlango.
Basi ni safura: si kwa kukosa chakula,
bali kwa kukitazama.

Na pipa la buluu chini ya mfereji wa paa lake,
lile la maji ya mvua,
nilimwamuru fundi alitupe. Nilisema lina mbu.

Usiku ule nilipanga barazani mabeseni mawili,
sufuria ya mchuzi, na bakuli la saladi la mama.
Mvua haikuja. Ilikuja Alhamisi, ya kubania,
nikapata vikombe saba
na kisogo cha jirani aliyekuwa akinicheka.

Majani yale hayakurudi kijani; jani halirudi.
Yalidondoka moja moja juu ya gazeti.
Wiki ya tatu nikaona kitu kwenye tawi la kulia,
kidogo kuliko ukucha, nikafuta miwani,
nikakitazama tena.
Sitaki kukisemea sana.

Nilifungua daftari.
Nikalikata lile neno kwa mstari mmoja,
kama tulivyofundishwa, likibaki linasomeka.
Pembeni nikaandika: *Alikuwa akijibu swali.*
Nikatia saini.